Mstari Usiofuta

Katika kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, mweka hazina anaandika: "Tunamshukuru mjomba kwa mchango wake ~mdogo~ mkubwa." Zile alama mbili za wimbi, moja kila upande wa neno, programu inazigeuza kuwa mstari unaopita katikati ya neno lenyewe. "Mdogo" limekatwa, lakini linasomeka vizuri kabisa. Kundi zima linacheka, mjomba anaongeza elfu hamsini, na ukiuliza ni nani aliyemsema vibaya, hakuna. Mweka hazina amekosea, akajisahihisha. Nani amlaumu mtu aliyejisahihisha?

WhatsApp iliwapa watu ufundi huo mwaka 2016, na wengi wetu tunaudhani ni mzaha wa kizazi cha simu. Ukiufuata kinyumenyume, mashine baada ya mashine na kalamu baada ya kalamu, utakuta njia yake ni ndefu mno, na mwanzoni mwake hapakuwa na mzaha hata kidogo. Tuirudie njia hiyo hatua kwa hatua.

Kituo cha kwanza ni miaka ya 1990, wakati kurasa za wavuti zilipokuwa zinatungiwa sheria. HTML, lugha inayotumika kuandikia kurasa hizo, ilipotoka katika toleo la 3.2 Januari 1997 ilikuwa na alama iitwayo STRIKE, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kupitisha mstari juu ya maneno. Desemba ya mwaka huohuo likaja toleo la 4.0 likiwa na alama mbili mpya, DEL kwa maneno yaliyoondolewa na INS kwa maneno yaliyoingizwa, na waandishi wa kurasa wakashauriwa waachane na STRIKE. Hoja ya wataalamu ilikuwa ya haki. STRIKE ilieleza sura ya neno tu, ilhali DEL ilieleza tendo: neno hili lilikuwapo, sasa limetolewa, na msomaji ana haki ya kujua hivyo.

Waandishi wa mtandaoni hawakujali tofauti hiyo. Walikuwa wamekwisha kugundua kwamba neno lililokatwa husomwa kwa hamu kuliko neno lililo huru, wakaanza kukata maneno ambayo hawakuwa na nia yoyote ya kuyaondoa. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya ukweli wa uhariri kikawa chombo cha uchokozi. Jambo hili litajirudia katika karibu kila kituo tutakachopita.

Rudi nyuma tena, kwenye vyumba vya kompyuta vya vyuo vikuu vya Marekani. Huko mzaha uleule uliandikwa bila mstari wowote. Mtu aliandika hivi: "Namsalimu mjinga^H^H^H^H^H^Hmheshimiwa mkuu wa idara." Kwa asiyejua, huo ni uchafu wa alama. Kwa waliokuwa wakitumia mitambo ile, ulikuwa mzaha uliokamilika, na hesabu yake ilikuwa sawasawa: "mjinga" ina herufi sita, na alama za ^H ni sita.

Asili yake ni hii. H ni herufi ya nane ya alfabeti, na ukibonyeza Control pamoja na H unatuma msimbo namba 8, unaoiamuru mashine irudi nyuma nafasi moja. Mitambo haikuwa ya aina moja. Mingine ilitumia msimbo huo kufuta herufi, mingine ilitaka msimbo tofauti, namba 127. Mtu akikaa mbele ya mtambo usiokubaliana na kibonyezo chake, alibonyeza akidhani anafuta, kumbe kompyuta ilikuwa ikiandika ^H kwenye kioo na kuliacha neno lake lilivyo. Barua ikaenda na siri zake zote. Aibu hiyo ya kweli ndiyo iliyozaa aibu ya kuigiza: watu wakaanza kuziandika alama za ^H kwa makusudi, wakijifanya mashine imewaumbua. Kamusi ya lugha ya mafundi wa kompyuta, ambayo Raphael Finkel alianza kuikusanya Stanford mwaka 1975 na Eric Raymond akaihariri kuwa kitabu mwaka 1991, iliieleza desturi hiyo pamoja na dada yake ^W, ambayo hufuta neno zima kwa mkupuo.

Hiyo namba 127 nayo ina kisa chake. Msimbo wa ASCII uliotangazwa mwaka 1963 ulitungwa wakati ambapo maandishi yalihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Kila herufi ilikuwa na mpangilio wake wa matundu. Sasa, ukitoboa herufi isiyo sahihi utafanyaje? Tundu haliwezi kuzibwa. Dawa ilikuwa kulirudisha kosa chini ya kitoboleo na kutoboa nafasi zote saba za msimbo, na mashine iliyosoma utepe ilifundishwa kuruka kila safu iliyojaa matundu. Katika hesabu ya kompyuta, nafasi saba zilizojaa ndizo 127. Kwa hiyo katika mashine zile kufuta kulikuwa ni kuongeza, na palipofutwa ndipo palipoonekana kuliko mahali pengine pote kwenye utepe.

Taipureta ilikuwa na tabia hiyohiyo. Kibonyezo chake cha kurudi nyuma hakikufuta kitu; kilirudisha gari la karatasi ili mpiga chapa aandike juu ya kosa, kwa kawaida msururu wa herufi x. Kila aliyewahi kupokea barua ya namna hiyo anajua ilivyokuwa: unaishika kwenye mwanga na kujaribu kusoma kilichofunikwa, ukiwa umeyaacha yale yaliyoandikwa wazi kwa ajili yako.

Katika miaka ya 1950, Bette Nesmith Graham, katibu muhtasi wa benki huko Dallas, alichoshwa na makosa yasiyofutika ya taipureta za umeme. Akachanganya rangi nyeupe ya maji, akaitia kwenye kichupa na kuanza kufunika makosa kwa brashi ndogo. Mwaka 1979 aliiuzia Gillette kampuni aliyoijenga juu ya kichupa hicho kwa dola milioni 47.5. Inaelezwa kwamba benki ilimfukuza kazi kabla ya hapo kwa sababu alipiga chapa barua ya ofisi akaweka jina la kampuni yake mwenyewe: mama wa kufuta makosa aliponzwa na kosa ambalo hakuliona akalifuta. Rangi yake nyeupe ilitoa ahadi ambayo mstari haukuwahi kuitoa, kwamba msomaji hatajua kabisa. Ndiyo maana haikuzaa mzaha wowote. Mzaha unahitaji kosa libaki mezani.

Mark Twain alilijua hilo kabla taipureta haijaingia nyumbani kwake. Jina lake halisi lilikuwa Samuel Clemens, na barua zake ziliwapa kazi ngumu wahariri wa Mradi wa Mark Twain katika Maktaba ya Bancroft, Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walipoandaa juzuu ya kwanza ya barua hizo, iliyotoka mwaka 1988, iliwabidi waamue la kufanya na maneno aliyoyakata. Mazoea ya wahariri ni kusafisha: kilichokatwa na mwandishi hakichapishwi. Kwa Twain, usafi huo ungekuwa upotoshaji. Alipotaka neno lisisomwe, alijua namna ya kulivuruga lisitambulike. Alipotaka lisomwe, alilipitishia mstari mwepesi na kuandika jingine pembeni. Wahariri wakabuni namna ya kuchapa inayoonyesha kilichokatwa palepale kilipokatwa, kwa sababu nusu ya uchekeshaji ilikuwa humo.

Baadhi ya barua hizo alimwandikia mchumba wake, Olivia Langdon, kati ya mwaka 1868 na 1870 walipooana. Olivia huyohuyo ndiye aliyepitia pamoja naye prufu za kitabu chake The Innocents Abroad, kilichotoka mwaka 1869. Ona jinsi Twain alivyomchagua msomaji wake. Mwanamume anamwandikia mwanamke ambaye kazi yake ni kumsahihisha, na anajisahihisha mwenyewe mbele yake, kwa namna inayomwachia yote mawili, alichotaka kusema na alichoruhusiwa kusema.

Kwa Twain mstari ulikuwa mchezo wa mapenzi. Miongo minne kabla yake, Ujerumani, ulikuwa silaha. Mwaka 1819 dola za Kijerumani zilipitisha Maazimio ya Karlsbad, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba chapisho lolote lisilozidi karatasi kubwa 20 za matbaa, yaani kurasa 320 za ukubwa wa kawaida, lipelekwe kwa mkaguzi kabla ya kuchapwa. Mantiki ya watawala ilikuwa kwamba kijitabu chembamba hupita mikononi mwa watu wengi, ilhali kitabu kinene hununuliwa na wachache na kusomwa na wachache zaidi. Wachapishaji wakajifunza kunenepesha vitabu. Magazeti hayakuwa na njia hiyo, na mara nyingi yalitoka na mapengo: mkaguzi amekata, na mahali pa maneno pamebaki vistari.

Mwaka 1827 Heinrich Heine alichapisha mjini Hamburg sehemu ya pili ya kitabu chake cha safari, na ndani yake mliwamo maandishi yaitwayo Ideen. Das Buch Le Grand. Sura ya 12 ya maandishi hayo ni fupi ajabu. Inaanza kwa kuwataja wakaguzi wa Kijerumani. Kisha vinafuata vistari, safu baada ya safu. Katikati ya vistari hivyo, upande wa chini, limesalia neno moja tu, lenye maana ya wapumbavu. Halafu vistari tena, na sura imekwisha.

Hakuna mkaguzi aliyeigusa sura hiyo. Heine aliikata mwenyewe. Chini ya vistari vile hapakuwahi kuwa na kitu. Hata hivyo kila msomaji wa Ujerumani alijua pengo lina maana gani, akalijaza kwa matusi yake mwenyewe, na kwa hakika yalikuwa makali kuliko yoyote ambayo Heine angethubutu kuyaandika. Mkaguzi akilalamika, atalalamikia nini? Maneno yaliyobaki hayafanyi hata sentensi. Na kama angeamua kuikata sura, angekata wapi, na ingekuwa na tofauti gani? Heine aliuchukua mkasi wa serikali akaushika kwa namna iliyoonyesha mshikaji wake halali ni mtu wa aina gani. Mwaka 1831 alihamia Paris, na Desemba 1835 Baraza la Shirikisho la Ujerumani likapiga marufuku maandishi yake pamoja na ya wenzake wa kundi lililoitwa Ujerumani Changa.

Heine naye alikuwa na mtangulizi, na huyu alikuwa kasisi. Laurence Sterne alihudumia parokia za mashambani huko Yorkshire, Uingereza, na kati ya mwaka 1759 na 1767 alitoa juzuu tisa za riwaya yake Tristram Shandy. Katika juzuu ya nne, iliyotoka mwaka 1761, sura ya 23 inafuatwa na ya 25. Sura ya 24 haipo, na namba za kurasa zinaruka kumi nzima. Msomaji wa wakati huo angekimbilia kumlaumu fundi wa kujalidi vitabu. Lakini msimulizi anamtetea fundi: sura ameing'oa mwenyewe, maana ilikuwa nzuri mno, na kuiacha kungefanya kitabu kilichobaki kionekane hafifu pembeni yake. Baada ya maelezo hayo anatueleza kwa kirefu mambo yaliyokuwamo ndani ya sura ambayo hakutaka tuisome. Msomaji aliyenyimwa sura anaipata nzima, pamoja na majivuno ya mwandishi juu yake.

Kabla ya matbaa njia inaingia katika vyumba vya wanakili, na hapo mzaha unakatika. Vitabu vya ngozi vya Ulaya vilisahihishwa kwa namna nyingi. Mojawapo ilikuwa kutia nukta ndogo chini ya kila herufi iliyokosewa, ishara kwamba msomaji airuke. Katika Kitabu cha Kells, Injili zilizopambwa mnamo mwaka 800 na ambazo leo zinahifadhiwa Chuo cha Trinity, Dublin, kuna ukurasa mzima ulionakiliwa mara mbili. Waliogundua hawakuuchana. Walitia misalaba midogo myekundu kuonyesha kwamba ukurasa umebatilishwa, wakauacha na uzuri wake wote.

Maelezo kamili ya kwa nini iwe hivyo niliyakuta upande wa pili wa dunia ya wakati huo, kwa wanazuoni wa Hadithi za Mtume. Al-Ramahurmuzi, aliyetokea Khuzistan katika Iran ya leo na kufariki karibu mwaka 971, aliandika mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa juu ya kanuni za kupokea na kunakili Hadithi. Humo ameeleza namna bora ya kulibatilisha neno: usilifunike kwa wino likapotea. Pitisha mstari ulio wazi juu yake, unaoonyesha kwamba limebatilishwa, huku lenyewe likiendelea kusomeka chini ya mstari. Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, aliinukuu kanuni hiyo katika kitabu ambacho wanafunzi wa elimu ya Hadithi wanakisoma mpaka leo. Akataja na njia nyingine zilizojulikana: wapo walioandika "la" mwanzoni mwa maneno yaliyobatilishwa na "ila" mwishoni, na wapo waliotia kiduara kidogo kila upande, wakakiita sifuri kama wanavyokiita wenye hesabu.

Kadhi Iyadh wa Ceuta, aliyefariki mwaka 1149, alipokea kutoka kwa mmoja wa walimu wake sababu ya masheikh kuchukia kuona kisu kwenye darasa la kunakili. Kisu kilikuwa cha kukwangulia wino. Kilichokwanguliwa hakirudi, na huenda kesho ikathibitika kupitia mpokezi mwingine kwamba kilikuwa sahihi. Tena palipokwanguliwa huzua shaka: kulikuwa na nini hapa, na nani alitaka kisionekane? Mstari hauachi shaka hiyo. Unasema: niliandika hivi, nikaona si sawa, nikaandika vile, nawe hukumu.

Mtumiaji wa simu wa leo anaielewa hoja hiyo bila kuwa mwanachuoni. Tangu mwaka 2017 WhatsApp inamruhusu mtu kuufuta ujumbe aliokwisha kuutuma, lakini inaacha taarifa kwamba hapa palikuwa na ujumbe uliofutwa. Taarifa hiyo haijawahi kumtuliza mtu. Papo hapo maswali yanaanza: umefuta nini? Ulikuwa unamwambia nani?

Kuna njia ya pembeni ambayo haikupita kwenye maandishi, nayo ni ya kujisahihisha kwa mdomo. Walimu wa usemaji wa Roma waliihesabu miongoni mwa mapambo ya hotuba. Kitabu cha karne ya kwanza kabla ya Kristo kiitwacho Rhetorica ad Herennium kinaieleza kuwa ni kuliondoa neno ulilokwisha kulisema na kuweka linalofaa zaidi. Msemaji hana ufutio. Neno la kwanza limesikika, na la pili linakuja kulikuza wakati likijifanya kuliondoa. Mabunge yetu yanalijua hili. Spika anamwamuru mbunge afute kauli, mbunge anasimama na kuifuta, na mara nyingi taarifa rasmi inabeba kauli pamoja na kufutwa kwake. Kuna kisa cha kale, kinachosimuliwa kwa majina ya wabunge tofauti wa nchi tofauti, cha mbunge aliyesema nusu ya baraza la mawaziri ni punda. Alipoamriwa afute kauli, akasema: naifuta, nusu ya baraza la mawaziri si punda.

Kwa njia yote hiyo kanuni imekuwa moja. Mstari unaoliacha neno lisomeke chini yake ulianza kama amana kati ya mwandishi na msomaji, na kwa sababu uliaminiwa, ukafaa kwa uchokozi. Wapo walioutumia kwa uzito: Martin Heidegger alilikata neno la msingi la falsafa yake katika maandishi ya mwaka 1955, na mchoraji Jean-Michel Basquiat wa New York alieleza kwamba huyakata maneno kwenye picha zake ili watu wayaone zaidi. Lakini ni wachekeshaji walioufikisha mbali, kwa kuwa unawapa kile ambacho jamii zetu hukiita utani: ruhusa ya kusema lisilosemeka, kwa masharti ambayo pande zote mbili zinayajua. Mhehe akimsema Mngoni, mtani wake, kwenye msiba, watu hawakimbilii polisi. Lakini asiye mtani akisema maneno yaleyale, amevunja adabu.

Masharti ya mstari nayo yapo. Neno lililokatwa liwe ndilo analoliamini mwandishi, na lililowekwa badala yake liwe ndilo linalodaiwa na adabu. Ukigeuza, hakuna mzaha. Liwe neno moja au mawili, kwa sababu aya nzima iliyokatwa ni uvivu wa kuhariri. Lisirudiwe kila mstari, kwani mtu anayejisahihisha kila mara huonekana tu kwamba hajui kuandika. Na lielekezwe juu: Heine aliwalenga wakaguzi wenye mkasi, mweka hazina wetu anamlenga mjomba ambaye kila mmoja anajua ana uwezo. Ukimkata kwa mstari mnyonge aliyechanga alichonacho, hilo ni tusi lenye mstari juu yake.

Lipo sharti moja kubwa kuliko hayo, nalo linawahusu wahariri na waandishi wa habari. Siku hizi ni rahisi mno kubadilisha habari iliyokwisha kuchapishwa mtandaoni: kichwa cha asubuhi si cha jioni, tarakimu inageuka, jina linatoweka, na msomaji haambiwi. Hicho ni kile kisu ambacho masheikh hawakukitaka darasani, na sasa hakiachi hata mkwaruzo. Vyumba vya habari viandike wazi kilichokosewa, kilichowekwa badala yake na tarehe ya kusahihishwa. Msomaji akizoea kuona masahihisho ya kweli yakifanywa hadharani, atakuwa tayari kucheka na ya uongo. Mwandishi anayesahihisha kwa siri hana haki ya kutania kwa mstari.